Magari ya Ford: Kutoka gari la kila mwananchi hadi ufalme wa pikapu

MTU akiingia katika duka la magari mapya ya Ford nchini Marekani leo akitaka saluni ya kawaida, yaani gari la chini lenye milango minne na buti nyuma, ataondoka mikono mitupu. Kampuni hiyo haiuzi tena gari la aina hiyo katika nchi ilikozaliwa.

Atakachoonyeshwa ni pikapu za kila ukubwa, magari marefu ya familia yajulikanayo kama SUV, magari ya kubebea mizigo na abiria, na gari moja tu la mwendo wa kasi, Mustang.

Hali hiyo inashangaza kwa sababu kampuni hii ndiyo iliyoufundisha ulimwengu kwamba gari si chombo cha matajiri pekee. Iliinuka kwa kumuuzia mkulima na kibarua gari waliloweza kumudu. Sasa inategemea zaidi pikapu ambazo bei yake inamlemea mwananchi wa kipato cha chini.

Yafuatayo ni maelezo kuhusu magari makuu ambayo Ford imewahi kuunda, na sababu zilizoifanya kampuni hiyo kuhama kutoka aina moja hadi nyingine.

Mwanzo wa herufi

Kampuni ya Ford ilisajiliwa Juni 16, 1903 katika jimbo la Michigan ikiwa na mtaji wa dola 28,000 pekee pesa taslimu. Mwasisi wake, Henry Ford, alikuwa mwana wa mkulima aliyezaliwa mwaka 1863 karibu na mji wa Detroit.

Hili halikuwa jaribio lake la kwanza. Kampuni aliyoanza nayo mwaka 1899 ilisambaratika, na ile ya pili akaihama mwaka 1902 baada ya kutofautiana na wenye hisa. Kampuni hiyo ya pili ndiyo iliyogeuzwa kuwa Cadillac, ambayo baadaye ilikuja kuwa mshindani mkubwa wa magari ya kifahari ya Ford.

Magari ya mwanzo yalipewa herufi za alfabeti badala ya majina. La kwanza lilikuwa Model A la mwaka 1903, lenye injini ya silinda mbili na nguvu za farasi nane. Zilifuata herufi nyingine kama vile B, C, F, K, N, R na S. Baadhi ya herufi ziliishia katika majaribio ya kiwandani bila kufika sokoni.

Katika kipindi hicho kulizuka mvutano kuhusu mnunuzi aliyelengwa. Baadhi ya wenye hisa walitaka magari makubwa ya bei ghali kama Model K, lililokuwa na silinda sita. Ford mwenyewe alishikilia kwamba faida ya kudumu ingetokana na kuuza magari mengi ya bei nafuu. Mauzo mazuri ya Model N, gari dogo na rahisi, yalimpa nguvu ya kushinda hoja hiyo.

Model T, gari lililobadilisha dunia

Oktoba 1, 1908 Ford ilizindua Model T. Gari hilo lilikuwa na injini ya silinda nne yenye ukubwa wa lita 2.9 na nguvu za farasi 20, na liliweza kwenda kwa kasi ya kilomita takriban 65 kwa saa. Bei yake ilikuwa dola 850.

Sifa yake kubwa ilikuwa uvumilivu. Chuma chake kilichanganywa na vanadi ili kiwe chepesi na imara, nalo liliinuliwa juu ili lipite katika matope na makorongo ya mashambani. Mkulima angeweza kulitengeneza mwenyewe kwa vifaa vichache. Wengine waliinua gurudumu la nyuma na kulifunga ukanda ili gari lipasue mbao au lisukume maji.

Halikukosa vituko. Petroli ilishuka kwenye injini kwa uzito wake tu bila pampu, hivyo tangi likikaribia kuisha dereva alilazimika kupanda mlima mkali kinyumenyume. Kwa miaka mingi pia, injini iliwashwa kwa kuzungusha mkono wa chuma mbele ya gari, kazi iliyowavunja wengi mikono.

Jambo jingine ambalo wengi hawalikumbuki ni kwamba Model T ilichangia pakubwa kuuweka usukani upande wa kushoto nchini Marekani. Hadi wakati huo, watengenezaji wengi nchini humo waliuweka upande wa kulia. Uamuzi huo bado unaathiri mahali ambapo magari ya Ford yanaweza kuuzwa.

Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, Ford ilianzisha mfumo ambapo gari linalounganishwa husogea kwenye mkanda huku kila mfanyakazi akisimama mahali pake na kufanya kazi moja tu. Muda wa kuunganisha chasisi ulishuka kutoka saa zaidi ya 12 hadi dakika 93.

Kazi hiyo ilichosha, na wafanyakazi wengi waliacha. Januari 1914 kampuni ilitangaza malipo ya dola tano kwa siku kwa waliotimiza masharti yake, karibu maradufu ya mshahara wa kawaida wa wakati huo. Hivyo, anayeunda gari akaanza kuwa na uwezo wa kulinunua.

Bei iliendelea kuteremka. Kufikia mwaka 1925, Model T ya bei ya chini kabisa iliuzwa kwa dola 260. Uundaji wake ulipokoma mwaka 1927, zaidi ya magari milioni 15 yalikuwa yametengenezwa, rekodi iliyodumu hadi mwaka 1972 ilipovunjwa na Volkswagen Beetle.

Ford yasaka matajiri

Model T liliangushwa na ukaidi wa mwasisi wake. Huku General Motors ikiwapa wateja rangi mbalimbali na sura mpya, Ford iliendelea na gari lile lile, ambalo kati ya mwaka 1914 na 1925 lilipatikana kwa rangi nyeusi pekee.

Hatimaye viwanda vilifungwa kwa miezi kadhaa na gari jipya likatokea Desemba 1927. Kampuni ilirejelea jina la Model A kana kwamba inaanza upya. Mwaka 1932 ilitoa injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la herufi V katika gari la bei ya kawaida, jambo ambalo hapo awali lilikuwa la matajiri tu.

Wakati huo kampuni ilikuwa tayari imepata nembo ya wakwasi. Mwaka 1922 ilinunua Lincoln kutoka kwa Henry Leland kwa dola milioni nane. Leland ndiye aliyekuwa ameigeuza ile kampuni ya pili ya Ford kuwa Cadillac, kwa hivyo wengi waliona ununuzi huo kama kulipiza kisasi.

Mwanawe Henry, Edsel Ford, alianzisha nembo ya Mercury mwaka 1938 ili kumhudumia mteja aliyepanda kutoka Ford lakini hajaimudu Lincoln. Mercury ilidumu kwa zaidi ya miaka 70 kabla ya kufungwa, baada ya kampuni kutangaza mwaka 2010 kwamba haikuihitaji tena.

Jina la Edsel lilipewa pia nembo nyingine, iliyozinduliwa Septemba 1957 kwa matangazo makubwa. Wateja hawakuipenda sura yake wala bei yake, na uchumi ulikuwa umezorota. Ilifungwa Novemba 1959 ikiwa imeigharimu kampuni takriban dola milioni 250. Hata hivyo, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Miaka mitano tu baadaye kampuni hiyo hiyo ilitoa gari lililovunja rekodi za mauzo.

Mustang na Bronco

Mustang ilizinduliwa Aprili 17, 1964 katika Maonyesho ya Dunia mjini New York. Lilikuwa gari la vijana, lenye pua ndefu na nyuma fupi, lakini chini yake lilitumia vipuri vingi vya Ford Falcon, saluni ya kawaida. Hiyo ndiyo siri iliyofanya liuzwe kwa dola 2,368 tu.

Siku ya kwanza pekee maagizo yalifika 22,000. Katika muda usiozidi miaka miwili, Mustang milioni moja zilikuwa zimeundwa. Lee Iacocca, meneja aliyeongoza mradi huo, alipata umaarufu uliomfikisha kwenye urais wa kampuni.

Mustang imeendelea kuundwa bila kukatizwa tangu wakati huo, na gari la milioni kumi lilitoka kiwandani Agosti 2018. Kizazi cha saba kilionyeshwa mwaka 2022. Kuanzia kizazi cha sita kilichoingia sokoni katikati ya miaka ya 2010, kiwanda kilianza kutengeneza pia Mustang zenye usukani wa kulia kwa ajili ya nchi kama Uingereza, Australia na Afrika Kusini.

Bronco ilifuata mwaka 1965 kama gari dogo la kupita njia mbovu, likishindana na Jeep. Baadaye lilikua kwa ukubwa, likaondolewa mwaka 1996, kisha likarejeshwa kwa kishindo mwaka 2020 pamoja na ndugu yake mdogo, Bronco Sport. Bronco kubwa inaweza kuvuliwa paa na milango, kama ilivyo kwa Jeep Wrangler, mshindani wake mkuu.

F-Series, nguzo ya kampuni

Ikiwa Model T lilikuwa msingi wa nyumba ya Ford, nguzo inayoishikilia leo ni pikapu za F-Series. Zilianza kuuzwa mwaka 1948 zikiwa na ngazi nane, kutoka F-1 ndogo hadi F-8 iliyokuwa lori kamili.

Jina F-150 lilikuja mwaka 1975. Tangu mwaka 1977, F-Series zimekuwa pikapu zinazouzwa kwa wingi zaidi nchini Marekani. Mwaka 2004 ziliuzwa zaidi ya 900,000 nchini humo, na hata mwaka 2023 idadi ilipita 700,000.

Mpangilio wake ni rahisi kuufuata. F-150 ndiyo ya matumizi ya kila siku, nyumbani na kazini. Juu yake kuna Super Duty, zinazoanzia F-250 na kupanda hadi F-350 na F-450, zinazotumiwa na wakandarasi, wafugaji na wanaovuta trela nzito. F-550 na F-600 huuzwa mara nyingi zikiwa chasisi tupu ili mnunuzi aweke mwili autakao, kwa mfano gari la kuvuta magari yaliyoharibika. F-650 na F-750 ni malori.

Mwaka 2015 Ford ilichukua hatua ya ujasiri kwa kuunda mwili wa F-150 kwa alumini badala ya chuma cha kawaida, na gari likapungua uzito kwa mamia ya kilo. Wapinzani walifanya mzaha, lakini mauzo hayakuyumba.

Mafanikio ya pikapu hayakutokana na ufundi peke yake. Mapema miaka ya 1960, nchi za Ulaya Magharibi zilipandisha ushuru wa kuku kutoka Marekani. Serikali ya Rais Lyndon Johnson ilijibu kwa kutoza ushuru wa asilimia 25 kwa bidhaa kadhaa, zikiwemo pikapu na malori mepesi kutoka nje. Ushuru mwingine uliondolewa, lakini ule wa pikapu ulibaki, na hadi leo Wamarekani huuita kodi ya kuku.

Watengenezaji wa nchini humo walipata ngome. Saluni za Kijapani zilimiminika Marekani na kupunguza faida ya Ford, lakini pikapu zilikuwa nyuma ya ukuta huo. Aidha, masharti ya matumizi ya mafuta yaliyowekwa miaka ya 1970 yalikuwa mepesi zaidi kwa malori mepesi kuliko kwa saluni. Ikawa rahisi kupata faida kwa kuuza gari kubwa kuliko dogo.

Matokeo yake yanaonekana kwenye bei. Mwaka 2025, F-150 mpya ya bei ya chini kabisa ilikaribia dola 40,000, nazo zilizopambwa zaidi zilipita dola 80,000. Pikapu iliyoanza kama punda wa shambani ikawa gari la fahari mjini.

Saluni zilizotoweka

Si kwamba Ford haikujaribu magari madogo. Pinto ilitolewa mwaka 1970 ili kukabiliana na Beetle na magari ya Japan. Lakini tangi lake la mafuta liliwekwa nyuma ya ekseli ya nyuma, na katika baadhi ya ajali gari lilipogongwa kwa nyuma lilishika moto.

Mwaka 1978 kampuni iliita magari milioni 1.5 ili yarekebishwe, na katika jimbo la Indiana ilishtakiwa kwa kosa la jinai kufuatia vifo vya wasichana watatu. Iliondolewa mashtaka na jopo la mahakama mwaka 1980, ila jina la Pinto halikusafishika.

Taurus, iliyozinduliwa mwishoni mwa mwaka 1985, ilirejesha heshima. Umbo lake la mviringo lilikuwa geni, na kuanzia mwaka 1992 hadi 1996 ndiyo saluni iliyouzwa kwa wingi zaidi Marekani. Crown Victoria nayo ilipendwa na polisi na madereva wa teksi hadi ilipokoma kuundwa mwaka 2011.

Aprili 2018, kampuni ilitangaza kwamba ingeachana na saluni katika soko la Amerika Kaskazini na kubakiza Mustang. Fiesta, Focus, Fusion na Taurus zikaondolewa moja baada ya nyingine. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba wateja walizihama na faida yake ilikuwa ndogo.

Wakosoaji walisema kuwa kampuni ilifunga mlango ambao wanunuzi wa gari la kwanza walikuwa wakiingilia. Ilijaribu kuwarejesha mwaka 2021 kwa Maverick, pikapu ndogo inayotumia mseto wa petroli na umeme, iliyoanza kuuzwa kwa bei ya chini kidogo ya dola 20,000. Maagizo yalikuwa mengi kiasi kwamba kampuni ililazimika kusitisha kuyapokea kwa muda. Bei yake imepanda sana tangu wakati huo.

Magari ya familia

Explorer, iliyoingia sokoni mwaka 1990, ndiyo iliyoifanya SUV kuwa gari la kawaida la familia ya Kimarekani. Ilijengwa juu ya chasisi ya pikapu ya Ranger, ikauzwa kwa mamia ya maelfu kila mwaka.

Mwaka 2000 ilikumbwa na kashfa. Matairi ya Firestone yaliyofungwa kwenye Explorer nyingi yalibanduka gari likiwa mbioni, na magari yakapinduka. Watu zaidi ya 200 walifariki nchini Marekani na mamilioni ya matairi yakaondolewa barabarani. Kampuni hizo mbili zililaumiana, na uhusiano uliodumu kwa karibu miaka 100 ukavunjika mwaka 2001.

Explorer ilinusurika na bado inaundwa, ingawa sasa haijengwi juu ya chasisi ya pikapu. Juu yake kuna Expedition, iliyoanza mwaka 1996, yenye safu tatu za viti na undugu wa karibu na F-150. Escape, SUV ndogo iliyoanza mwaka 2000, iliacha kuundwa mwishoni mwa mwaka 2025.

Kwa upande wa Lincoln, Town Car na Continental zilizowabeba marais na mabwanyenye zimetoweka. Tangu mwaka 2020 nembo hiyo imebakia na SUV pekee nchini Marekani, ikiongozwa na Navigator.

Kwa biashara, gari mashuhuri ni Transit. Lilizaliwa Ulaya mwaka 1965 na kuletwa Marekani mwaka 2014, ambako lilichukua mahali pa mabasi madogo ya E-Series yaliyoanza mwaka 1961.

Ford ambayo Wakenya waliijua

Magari ya Ford yaliyoingia Kenya kwa wingi katika miaka iliyopita hayakuwa haya ya Marekani. Wazee wanakumbuka Anglia, Cortina na Escort, ambazo zilitoka katika matawi ya kampuni hiyo barani Ulaya, hasa Uingereza. Wakulima nao walizijua trekta za Ford, biashara ambayo kampuni iliihamishia kwa Fiat ya Italia mwaka 1991.

Safari Rally ndiyo iliyoyapa magari hayo sifa. Vic Preston alishinda kwa Ford Zephyr mwaka 1955, na Peter Hughes akashinda kwa Cortina GT mwaka 1964. Mwaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland aliyeendesha Escort akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda mashindano hayo. Björn Waldegård wa Sweden alirudia ushindi wa Escort mwaka 1977, naye Colin McRae wa Scotland akashinda kwa Focus mwaka 1999 na 2002.

Magari hayo madogo pia yamefikia tamati. Fiesta ya mwisho iliundwa mjini Cologne, Ujerumani, Julai 2023, na Focus ikakoma Novemba 2025 katika kiwanda cha Saarlouis nchini humo humo.

Kuhusu F-150, ni nadra kuonekana katika barabara za Kenya. Kiwanda huiunda ikiwa na usukani wa kushoto, ilhali Kenya huendesha kushoto mwa barabara na sheria yake haikubali magari ya usukani huo isipokuwa kwa shughuli maalumu. Desturi iliyokita mizizi nyakati za Model T ingali kizuizi zaidi ya karne moja baadaye.

Pengo hilo linajazwa na Ranger. Ingawa Marekani iliijua Ranger tangu miaka ya 1980, ile inayouzwa Afrika ilibuniwa upya nchini Australia na kuzinduliwa mwaka 2011. Huundwa katika kiwanda cha Silverton mjini Pretoria, Afrika Kusini, na kusafirishwa katika nchi nyingi. Ni ndogo kuliko F-150, usukani wake uko kulia, na injini zake nyingi ni za dizeli. Everest, SUV ya viti saba, ni ndugu yake.

Umeme, na kurudi mwanzo

Mwaka 2019 Ford ilionyesha Mustang Mach-E, SUV ya umeme iliyoazima jina la gari la mbio na kuwakera mashabiki wengi wa jina hilo. Mwaka 2021 ilizindua F-150 Lightning, pikapu ya umeme ambayo betri yake ingeweza kuwasha taa za nyumba nzima stima zikipotea.

Matarajio yalikuwa makubwa kuliko mauzo. Bei ya Lightning ilipanda, betri iliisha haraka pikapu ilipovuta trela, na Septemba 30, 2025 serikali ya Marekani ikaondoa nafuu ya kodi ya dola 7,500 iliyowavutia wanunuzi. Desemba mwaka huo, Ford ilitangaza kukomesha Lightning ya umeme mtupu na kwamba itakayoirithi ingebeba pia injini ya petroli ya kuchaji betri. Ilikadiria kuwa mabadiliko katika mipango yake ya magari ya umeme yangeigharimu dola bilioni 19.5.

Hata hivyo, mradi mmoja haukuguswa. Agosti 2025 kampuni ilikuwa imeeleza mpango wa kuunda pikapu ya umeme ya ukubwa wa kati mjini Louisville, jimbo la Kentucky, itakayouzwa kwa takriban dola 30,000 kuanzia mwaka 2027. Vipuri vingepunguzwa, na hata mkanda wa kuunganishia ungegawanywa sehemu tatu zinazokutana mwishoni.

Wakuu wa kampuni walipotafuta mfano wa kulinganisha nao mradi huo, hawakuitaja Mustang wala F-150. Walitaja Model T. Walikuwa wakikiri kwamba kampuni iliyojengwa na mnunuzi wa kawaida inamhitaji tena, hasa wakati huu ambapo watengenezaji wa China wanauza magari ya umeme ya bei nafuu katika mataifa mengi.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Baada ya kuzunguka kwa zaidi ya miaka 100 kati ya magari ya wakwasi, ya mbio na ya fahari, Ford imerudi kwenye swali lililomshughulisha Henry Ford mwaka 1908: je, mtu wa kawaida anaweza kulipa kiasi gani?